Tanbihi ya Kumi na Saba

Mama ameegemea gunia la korosho, mimi nimekumbatia kompyuta,
tuko foleni ya mizani, ghala la ushirika, Newala,
na Chilumba karani anauliza bila kuinua uso:
"Unasomea nini huko Marekani mpaka mwaka wa sita?"
Fasihi linganishi.
"Unalinganisha nini na nini?"

Swali hilohilo, kaka, jopo la maprofesa waliniuliza
mwezi wa pili, theluji imefika dirishani,
na sikuwa na jibu fupi.
Nilikuwa na orodha ya vitabu mia na ishirini,
posho inayokwisha Mei,
na fomu: taja lugha tatu, ukiacha Kiingereza.
Nikaandika Kiswahili. Nikaandika Kimakonde.
Mratibu, mama mpole, akagonga kalamu mezani:
"Hii ya pili, ina maandishi?"

Basi nikajifunza Kijerumani.
Majira mawili ya baridi nikifukuzana na vitenzi
vinavyojificha mwisho wa sentensi kama wageni wenye haya,
mpaka nikafungua, kwenye boksi la maktaba,
ripoti ya bwana aliyepita hapahapa na mashine ya kunasia sauti
kabla bibi yake mama hajavunja ungo.
Wimbo wa wanawake, mistari minne.
Herufi zimepinda, lakini ni sisi.
Chini yake, kwa wino mwembamba:
maana haijulikani.

Foleni haisogei. Nikamsomea mama, taratibu,
Kimakonde kilichokwenda Ulaya kikarudi na kigugumizi.
Mstari wa kwanza, akanitazama.
Wa pili, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.
Wa tatu akaumalizia yeye,
na wa nne, na wa tano ambao yule bwana hakuupata,
akacheka, na Mama Somoe nyuma yetu akacheka
bila kuambiwa kitu, wanawake wa foleni nzima
wakapokezana kicheko kama ndoo ya maji.
Wanaume wakalisoma bati la paa.

"Maana yake nini, mama?"
"Si ulikuwa bwenini, wenzio walipochezwa?
Hii haisemwi ghalani. Na haiandikwi."

Chilumba akaita: kilo sabini na mbili, daraja la kwanza.
"Mizani haidanganyi," akasema.
"Hudanganya," mama akasema, "ila kidogo."
Nami nilikuwa nahesabu mizani nyingine, kwa vidole,
nane, nane, sita, halafu
ule mstari wa tano usiotaka kuhesabika.

Usiku, taa ikiwa imezimwa, aliniambia yote.
Sikulala. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa kizingitini kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

Asubuhi nikafungua sura ya tatu.
Lugha tatu, miaka sita, deni la nauli;
nikafika kwenye tanbihi ya kumi na saba
nikaandika, neno kwa neno, kama alivyoandika yeye:
maana haijulikani.

Yeye, maskini, alikuwa hajui.