Mafua Tu

Saa mbili na dakika kumi. Friji inasema nne.
Naandika nne kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pake,
hivi ndivyo tunavyosali hapa asubuhi.
Usiku umeme ulikatika mara mbili,
mara mbili nikavaa koti juu ya gauni la kulalia
nikaja na tochi kuutazama mshale.

Nje ukungu umeatamia Kapchorwa kama kuku.
Akina mama wameshajaa kwenye benchi,
watoto wamefungwa vitenge hadi masikioni,
na kila pua ina habari yake.

Mama Labu ananipa kadi. Polio ipo, surua ipo,
visanduku vyote vina tarehe, na alama ya kidole chenye ugali.
"Na hii ya leo ni ya nini?"
Namwambia. Anacheka, wala si kwa dharau.
"Sista, sindano kwa mafua? Mafua tu?"

Tu.
Nalijua neno hilo. Hukaa mwisho wa sentensi
kama mtoto mfupi mwisho wa mstari wa nasari,
hakuna anayelitazama.
Mvua tu, walisema, mpaka kilima kikashuka na migomba yake.
Homa tu, alisema baba yake Yapyeko,
akamleta siku ya nne,
mbavu zikivuta kama mvukuto wa mhunzi,
midomo imeingia rangi ya wino.
Mtungi wa oksijeni ulikuwepo.
Muda ndio haukuwepo.
Jina lake limo bado kwenye daftari,
ukurasa ninaouruka kwa kidole gumba.

Hayo simwambii Mama Labu.
Hofu ni rangi ya bei rahisi, hutoka kwa maji ya kwanza.
Namuuliza tu (na mimi nimelitumia!)
nasari wako wangapi.
"Arobaini. Na kikombe kimoja cha bati."
Na nyumbani?
"Bibi yake mwenye kifua. Na huyu,"
anageuza mgongo, namwona: miezi mitatu,
ngumi mbili zimekunjwa kama majani machanga ya kahawa.

Huyu bado hachanjwi, namwambia. Ni mdogo mno.
Mlango wake ni kaka yake.
Mama Labu hacheki tena. Anamtazama Labu, miaka minne,
kamasi mpaka mdomoni, kiatu kimoja,
kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza
kwamba nyumba yake ina komeo.

Sikumwahidi kwamba mwanawe hatapiga chafya tena.
Chanjo si ukuta, nilisema, ni mbwa anayebweka mapema
ili mwili uamke kabla mwizi hajashika sufuria.
Na mbwa huyu hufundishwa mara mbili:
leo, halafu baada ya wiki nne.
Nikamwona akihesabu kimoyomoyo:
maharage ya kupalilia, nauli ya boda, tope la Kapsinda,
mume ambaye naye atasema tu.

"Itauma?" aliuliza Labu.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.
"Itauma," nikasema. "Hesabu mpaka tatu."
Alihesabu mpaka saba, akilia kuanzia mbili.

Wiki ya nne ilinyesha kama iliyotukanwa.
Benchi tupu. Dozi moja ndani ya friji,
nimeibandika plasta, nimeandika jina.
Saa nne. Saa tano. Daktari akanitazama, hakusema kitu,
akaenda kunywa chai.
Nikapima friji mara ambazo hazikuhitajika.

Saa sita kasorobo, mwavuli wenye ubavu uliovunjika,
jani la mgomba juu ya kichanga,
na Labu, viatu viwili leo, vyote vya kushoto,
amekwisha kunja mkono wa shati mlangoni.
"Ule ulishachoka," ananiambia. "Leo huu."

Kisha anapiga chafya,
kwenye kiwiko, kama nilivyomfundisha,
ananitazama kuona kama nimeona.