Mbao Arobaini

Nenosiri nimelisahau. Mashine ikaniuliza swali la siri,
lile nililolijibu nikiwa kidato cha pili:
Jina la mnyama wako wa kwanza?
Nikaandika kama nilivyoandika siku ile: Sina.
Mlango ukafunguka.

Mwili wangu ulikuwa palepale,
kando ya kisima, shoka mkononi,
kofia nyekundu, miguu ya miraba,
miaka sita bila kukaa chini.
Hakuna aliyenifunika hata kanga.

Zamani niliingia kwa mia tano, nusu saa,
kafe ya dada Somoe, Chikongola,
kiti cha tatu, chenye kibodi iliyong'oka herufi N.
Zena Nangonga: N nne.
Ndiyo maana kule nilijiita Bibo.
Wenzangu walinunua ming'oko ya kuchemsha.
Mimi nilinunua dakika.

Safari hii nimekuja na barua,
kumbukumbu namba, mhuri, sahihi ya Daktari Chilumba
aliyenionya ofisini huku akimenya korosho:
"Mtafiti haingii ndani ya takwimu zake.
Simama ukingoni, Zena. Tazama. Hesabu."
Nikavuka daraja nililolijenga mwenyewe,
nikaandika daftarini:
daraja, la mbao, mjenzi hajulikani.

Sululu akatoka nyumbani kwake.
Hakusema karibu.
"Wewe Bibo. Mbao zangu ziko wapi?"
Mbao zipi?
"Arobaini. Ulikopa uezekee. Ukasema kesho."

Kesho ile ulikuwa mtihani wa taifa,
kisha msimu wa korosho, mama akanihitaji Nanyamba,
kisha kafe ikafungwa, dada Somoe akahamia kwenye vitenge.
Yote ni kweli,
na hakuna hata moja linaloezeka paa.

Nikampa fomu ya ridhaa.
Akaiweka juu ya nyasi kama bili ya mtu mwingine.
"Lipa kwanza, ndipo uniulize najisikiaje."

Basi nikakata miti.
Saa nne usiku, hosteli, Ligula,
shoka linapanda, shoka linashuka,
kinachochoka ni kidole kimoja.
Bando la utafiti linayeyuka;
kwenye bajeti, safu ya "mengineyo", sijui nitajaza nini.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

Umeme ukakatika.
Laptopu yangu, ambayo betri yake ilikufa mwaka wa kwanza,
ikazimika shoka likiwa hewani.
Jenereta la hospitali likaanza kukohoa.
Nikakaa gizani, mikono juu ya kibodi yenye joto,
nikimdai Tanesko kama Sululu anavyonidai.

Uliporudi, nikarudi.
Na yeye ndiyo kwanza alikuwa anatokea,
kipande kwa kipande: magoti, kiuno, kichwa.
Tukatazamana.
"Na kwako?"
"Dakika hamsini," nikasema.
"Hata huku. Mbu tu."

Sikuuliza huku ni wapi.
Swali la tatu la hojaji ni makazi ya mshiriki.
Nikaliruka, nikaona haya
kama niliyechungulia jirani anaoga.
Nje, nyumba ya tatu au ya nne,
mtu alifunga dirisha.

Nikakata nane zilizobaki.
Akazihesabu mara mbili, bila haraka,
kisha akaiokota fomu.
Jina: Sululu.
Umri: achana nao.
Uhusiano na mtafiti:
hapo alikawia, kishale kikipepesa, kikipepesa.
Jirani, akaandika.
Akafuta.
Jirani. Amelipa.

Daktari Chilumba atalizungushia wino mwekundu.
Nimeliacha.
Kabla ya kutoka nikatafuta kitufe cha kukaa,
ambacho miaka yote ile sikukijua,
niuweke mwili kwenye ukingo wa kisima.
Kipo.
Ni herufi N.