Karatasi Mlangoni pa Friji

Barke aliondoka alfajiri kwenda Mombasa kutolewa mtoto wa jicho,
akaniachia nyumba ya Langoni, zidaka sita,
na friji isiyogandisha tangu Ramadhani ya mwaka juzi:
chumvi ya hewa imeila mota, sasa ni kabati la sahani.
Mlangoni pake alibandika karatasi
kwa sumaku yenye umbo la nanasi.
Mwingine angeandika orodha.
Yeye kanitungia:

    Kitunguu na kiazi, usiwatie pamoja,
    Hugombana waziwazi, wake wenza wa mmoja,
    Huyu atoa mizizi, yule avuja, avuja,
    Kila mke na daraja, na ukuta na pazia.

    Dania kata miguu, mpe kikombe cha maji,
    Mfunike kichwa juu, asimwone mpitaji,
    Ndimu fukia, Mkuu, mchangani kama miji,
    Kila siku wahitaji, mkono kuzipitia.

Mimi ni kinyozi. Vichwa navijua.
Kabichi nililielewa siku ya kwanza:
kila asubuhi naliondolea jani moja la nje, lililolegea,
nalirudisha juu ya gazeti, kidaka cha upande wa kivuli.
Nyanya nikazilaza vikonyo chini,
zisigusane,
kama wageni wa matanga walionuniana.

Mchicha haukunisubiri.
Siku ile alikuja baba na wanawe wanne wa kunyolewa kwa harusi,
nikausahau kapuni tangu asubuhi.
Jioni ulikuwa kamasi.
Nikampelekea mbuzi wa Famau, jirani.
Akanusa. Akanitazama mimi.

Siku ya tano niliasi.
Kikapu kimoja kilikatika mkono, nikawaza:
usiku mmoja tu, nani atajua?
Nikawalaza wake wenza kitanda kimoja.
Usiku mmoja ukawa minne.
Kiazi kikatoa macho.
Macho!
Nami nangoja simu ya hospitali
niambiwe lake limefunguka au la.
Nikayakata yote kwa ncha ya kisu,
mkono ukinitetemeka,
mkono huu usiowahi kutetemeka karibu na sikio la mtu.

Siku ya kumi na moja alirudi, kwa boti ya Mokowe,
jicho moja chini ya bendeji, la pili bado lina ukungu.
Hakuuliza habari zangu.
Alipita kidaka baada ya kidaka, akiona kwa vidole.
Akabonyeza embe karibu na kikonyo, akaliweka kando: "La leo."
Dania aliipapasa tu shingoni, kama mtoto mwenye homa.
Akazamisha mkono mchangani, akatoa ndimu,
akaikwaruza kwa ukucha,
chumba kizima kikaamka.

Penye viazi alisimama.
Akavuta pumzi.
"Umewalaza pamoja."
Sikujibu. Ziko kesi ambazo wakili wake ni kimya.

Nikamwambia nami nimeandika, pale chini ya karatasi.
Ubeti sikuuweza. Mstari mmoja tu.
"Nisomee."

    Kabichi hili la mwisho, limekungoja wewe.

Kabichi lenyewe lilibaki dogo kama ngumi,
jeupe, gumu, la kukatika kwa mlio.
Alilishika mkono wa kushoto,
na kwa wa kulia akahesabu,
kidole gumba kikipita juu ya vingine, midomo ikichezacheza.

"Upande wa kwanza nane," akasema.
"Upande wa pili saba.
Mizani moja umeiacha ikaoza."

Kisha akaomba kisu.