Pima Moja ya Ukili

Unaniuliza, Kazija, nimeponaje.
Sijui kama nimepona.
Najua leo nimefagia uwanja,
na jana nilifagia,
na juzi mvua ilinizuia, nikafagia ukumbi.

Mwaka juzi, unakumbuka, nililala wiki sita
nimeelekea ukuta,
nikihesabu nyufa za chokaa
kama karani asiyelipwa.
Wakaja na kombe, nikanywa.
Wakaja na ubani, nikafukizwa mpaka nikakohoa.
Kisha Mize akaja na miyaa.
Hakuja na neno. Alikaa chini, kando ya kitanda,
akasuka ukili mpaka adhuhuri,
akaniachia ncha mkononi,
akaenda zake kupika.

Daktari wa Wete, kijana, kalamu sikioni,
alinipa vidonge, akaongeza:
"Na jua la asubuhi, bibi. Ota japo kidogo.
Ukilikosa leo, kesho halikudai."
Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Ramadhani.

Basi sina siri ya kukupa. Nina vijambo.
Baada ya alfajiri sirudi kulala;
kitanda nakitandika upesi, kabla hakijanishawishi.
Chai naitia tangawizi, nainywa mlangoni
ili wapita njia wanilazimishe kuitikia.
Sabalkheri, bi Raya. Sabalkheri.
Salamu ishirini kwa kikombe kimoja.
Nyingine za adabu tu,
lakini hata za adabu zina moto.

Usiku simu nailaza mapema kuliko mimi,
chini ya kawa, kama wali uliobaki.
Jumatano nakwenda kwa miguu mpaka Limbani
kununua vitunguu ambavyo duka la hapa pia linavyo.
Shaame mwenye duka ananiona na kikapu, ananuna.
Namwambia: nafuata njia, Shaame, sifuati vitunguu.

Msimu huu nilichambua karafuu na wanawake wa Jadida.
Sikusema sana. Nilisikiliza wakisengenya,
makonyo huku, karafuu huku,
na vidole vikanuka siku nne.
Sikuvitia sabuni, makusudi.

Na kila siku, pima moja ya ukili.
Siku mbaya, shibiri.
Kuna siku nilisuka nikafumua wote,
nikalia, nikala ndizi, nikalala.
Nayo niliihesabu.

Lakini, mdogo wangu,
mbona swali lako limerudi mara ya tatu?
Mbona nyuma yako sisikii sufuria, wala redio,
wala watoto wa Michenzani wakigombania ngazi?
Saa nne asubuhi hii, nawe unanong'ona
kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

Sikuulizi kitu.
Usiniambie chochote kama hutaki.
Simama na simu hiyohiyo.
Nenda dirishani. Lile komeo bovu
linyanyue kwanza, halafu vuta.

Nipo. Nasuka.
Nataka tu nisikie linavyolia.