Rangi ya Leo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kahawa,
Dreama anapiga ile namba.
Sauti ya mashine, ya mwanamke asiye na haraka,
inataja rangi moja, kisha inakata.
Yeye ni zambarau.
Ikitajwa kijani, anarudi kulala.
Ikitajwa zambarau, ana hadi saa mbili
awe mbele ya mama mwenye glovu,
akikojoa kikombeni, mlango wazi.

Leseni yake walichukua, basi dereva ni mimi,
nusu ya mapafu nimeyaacha mgodini, Shimo Namba Tisa,
nakohoa kila kona ya milima hii ya Virginia Magharibi.
Theluji imelala juu ya vifusi vya makaa
kama shuka safi juu ya godoro bovu.
Hatuongei. Redio inahubiri.

Jaji Kessinger alimpa mawili achague:
miaka mitatu gerezani,
au miezi kumi na minane ya hii:
kikombe, kikundi, mshauri, kazi ya kufua shuka za hoteli,
na kila Alhamisi kusimama kizimbani
aeleze wiki ilivyokwenda.
Wapo wanaosema amedekezwa.
Waje waendeshe gari hili mwezi wa Januari.

Cha ajabu ni makofi.
Mahakama niliijua kwa ukimya wake,
wakili wa kampuni akikunja karatasi,
sisi wachimbaji tukikunja kofia.
Hapa wanapiga makofi.
Kijana wa kina Tolliver, siku thelathini safi: makofi.
Mzee mmoja aliyeteleza, akakiri
kabla kikombe hakijamsema:
makofi pia, ya chini chini,
kisha siku mbili lupango.

Desemba, Dreama alipitiwa na usingizi.
Zambarau ikatajwa, hakuna wa kuitika.
Jaji hakupaza sauti. Alimwuliza kama amekula,
halafu akampa siku tatu.
Begi lake nikaliweka kiti cha abiria,
gari likalia, likitaka mkanda.
Nikalifunga mkanda. Tukaenda nyumbani.

Kesho yake, saa kumi na moja,
mkono wangu wenyewe ukapiga ile namba.
"Zambarau," ikasema.
Nikajibu, hayupo.
Ilikuwa imeshakata.

Sasa niseme ambalo halimo kwenye faili.
Mgongo wangu ulipovunjika nilipewa vidonge,
tisini kwa mwezi, kama karanga.
Jina kwenye chupa lilikuwa langu.
Naye alikuwa na miaka kumi na sita, jino linamuuma, usiku wa Jumapili,
nikampa kimoja.
Mimi. Kwa mkono huu.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema;
hawasemi kimlacho mwanao
huenda ki kwenye koti lako.

Alhamisi iliyopita Jaji akauliza
nani humleta binti huyu kila alfajiri.
Nikasimama, magoti yakilia.
Ukumbi mzima ukanipigia makofi,
mvua ya mawe juu ya bati.
Na kule nje, chini ya kiti cha gari,
ndani ya sanduku la spana,
vidonge kumi na kimoja
nilivyouwekea akiba usiku mbaya.

Dreama hakupiga makofi. Alinitazama.
Hesabu yangu anaijua, zamani aliihesabu kuliko mimi.
Garini hakusema kitu hadi darajani.
Kisha: "Baba, wewe ungekuwa rangi gani?"
Kikohozi kikaniazima dakika nzima.
Sikuilipa.

Leo mashine imesema kijani.
Amerudi kulala.
Mimi nipo jikoni, sanduku la spana mezani,
simu imeshakata, bado iko sikioni,
nangoja initaje.