Madumu Kumi na Mawili

Tandika, siku ya tatu bomba linakohoa upepo.
Pazi kashusha madumu kumi na mawili mlangoni,
anafuta jasho, anadai:
"Mkokoteni elfu mbili,
jumlisha madumu kumi na mawili mara mia tatu."

Bi Tatu akabonyeza kikokotoo cha dukani,
kile cha betri, kitiifu mno,
kinachomeza namba kwa foleni ya kufika.
Kikajibu: laki sita, elfu tatu na mia sita.

Pazi akacheka hadi akakalia dumu.
"Mama, kwa hela hiyo nakuchimbia kisima!"

Kidawa, darasa la tano, hakumcheka mama yake.
Nyuma ya daftari kaandika MAGAZIJUTO:
mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.
Ameliimba mwaka mzima
bila kujua kwa nini zidisha inaruka foleni.
Leo akaona.
Elfu mbili ni shilingi, kumi na mbili ni madumu;
ukivichanganya, unapata elfu mbili na kumi na mbili
za nini?
Ngoja kwanza dumu ligeuke shilingi:
kumi na mbili mara mia tatu,
elfu tatu na mia sita.
Sasa zinajuana. Sasa zijumlishe.

"Elfu tano na mia sita," akasema.

Bi Tatu akahesabu noti, akatoa elfu tano,
akafumba kiganja.
"Madumu mawili yanavuja, Pazi.
Kutoa si ndiyo mwisho?"