Nembo

Dada yangu Somoe amefungwa kwenye nguzo.
Usishtuke, ni picha yake.
Imeingia asubuhi, niko ghalani napima korosho za watu,
simu ikatetemeka juu ya mzani
na mzee Likunama akadai nimemwibia robo kilo.

Huko Longford, anasema, ukifika uchaguzi
kila nguzo ya taa huvaa sura ya mtu.
Yake iko mbele ya bucha,
kati ya kipara mmoja na mama wa miwani,
na chini jina letu zima, Somoe Chitanda,
halijakosewa hata herufi.
Anagombea udiwani.
Miaka kumi na moja ananyanyua vikongwe wa watu vitandani,
anajua nani hulia usiku, nani humwita kwa jina la binti aliyekufa,
anajua pia kwamba basi la alfajiri halifiki mtaani kwao,
na ni hilo basi, si kingine, lililomfungua mdomo.

Mama yuko jikoni anamenya ming'oko.
Ukungu wa Newala umeingia mpaka chunguni.
Mistari mitatu kila shavu, na ile ya paji la uso,
alichanjwa Mueda kabla ya vita,
kabla ya kuvuka Ruvuma na kaka yetu mgongoni
ambaye hakufika.
Mwaka gani? Hajui. Mwaka wa mabomu.

"Wanamruhusu?"
"Wanamruhusu. Huko ukiishi tu, diwani unamchagua.
Ukitaka, unakuwa wewe.
Bunge ndilo mpaka uwe raia."
"Na yeye raia?"
"Bado. Mwaka wa tatu wanasema barua iko njiani."
"Njia gani hiyo," anasema mama, "isiyo na nyayo."

Kisha kisu tu.
Najua yuko wapi. Nilikuwepo:
shule ya msingi, foleni ya kuandikisha wapiga kura,
kijana wa mashine akamtazama usoni
kama asomaye barua isiyo yake.
"Bibi, chale hizi ni za ng'ambo."
Miaka arobaini na kitu amelima hapa.
Mchango wa darasa ametoa, wa zahanati ametoa, wa mwenge ametoa,
dawati alilokalia kijana yule lina korosho zake.
Kijana akasema, kwa adabu kabisa, "Pisha wengine."
Ukutani juu yake ilining'inia nembo ya taifa,
mwanamume na mwanamke, kila mmoja na pembe yake.
Nembo kwa nembo zikatazamana.
Mama ndiye aliyeondoa macho.

Jumapili ikaja picha nyingine.
Usiku mtu alipanda ngazi na kalamu nene nyeusi
akamchora Somoe mashavuni, mistari, mistari,
na chini yale maneno mawili ambayo kila lugha inayo:
rudi kwenu.
Nilitaka kuificha. Mama akanipora simu,
akaisogeza machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Nani kamchanja?"

Sikujibu.

"Hajui kazi. Huku mitatu, huku minne,
na paji kaliacha tupu."
Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akawa hacheki.
"Mwambie asiifute.
Mwambie wakimuuliza kwao wapi, awaoneshe nguzo."

Leo wanahesabu. Kwa mikono, anasema Somoe,
karatasi moja moja, pengine mpaka keshokutwa.
Mama anataka kujua kura inafananaje.
Nachana stakabadhi ya ghala, upande wa nyuma namchorea visanduku,
kipara, mama wa miwani, Somoe.
Anashika kalamu kama anavyoshika mchi.
Anapiga mstari. Anapiga mwingine. Wa tatu.
Anaikunja ndogo, anaifunga kwenye pindo la khanga
pale anapofunga hela,
na hajaniuliza aitumbukize wapi.